Umesikia Ngapi?

Baba,

Naandika nimekaa juu ya tairi nje ya gereji yetu hapa Garsen, na sijui nianze na salamu au na ugomvi. Ulipokuwa hai sikuwahi kukuandikia, maana tulikuwa pamoja kutwa. Nivumilie.

Baada ya kukuzika huko Kulesa, Mama aliniambia jambo lililonivuruga kichwa. Tulikuwa tunakunja nguo zako. Akasema, kama mtu anayetaja bei ya unga: "Masikio ya baba yako yalikwisha kitambo. Alikuwa anakusoma mdomo." Nikacheka, Baba. Kisha nikaona yeye hacheki.

Ningejuaje? Gerejini kila mtu anapiga kelele. Ulipopaza sauti nilidhani ni kwa sababu ya kompresa. Na redio uliyoifungulia sauti mpaka majirani wakalalamika, nilidhani ni ukaidi wako tu, maana ukaidi ulikuwa nao wa kutosha.

Lakini lile swali lako ndilo linalonitesa. Tukipandisha gari kwenye lifti, uliinyanyua kidogo kwanza, ukaitikisa kwa mikono uone kama imekaa sawasawa, ndipo ukaendelea. Loki za nguzo zote mbili, zile zinazoizuia lifti isianguke, zilipolia, ta, ta, ulinigeukia usoni: "Umesikia ngapi?" Nami: "Mbili, Baba." Ukaikalisha juu ya loki, ukaingia chini. Miaka yote hiyo nilijua unanifundisha. Sasa sijui. Ulikuwa unanifundisha, au ulikuwa unaniuliza kweli? Uliweka kichwa chako chini ya magari ya watu kwa neno langu, na hukuniambia! Nikiwaza hivyo najivunia, halafu nakasirika, halafu nalia, yote kwa mpigo.

Jana lifti ilipanda kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Ilikuwa pikapu ya mfugaji kutoka Bangale, imepondwa na ile barabara ya huko mpaka inalia kila upande. Baba mdogo Komora alisimama kwenye swichi, mahali pako. Ikapanda hadi usawa wa kifua. Mimi nikasikia loki moja.

Hakuna aliyeniuliza. Baba mdogo alikuwa tayari ameinama aingie. Nikasema, "Moja tu." Akajibu, "Mlio mmoja umezibwa na vumbi la Bangale tu, mama. Wacha tufanye kazi." Na hapo, Baba, nikachanganyikiwa kabisa. Je, kama ni masikio yangu? Kama nimeyarithi yako? Mteja ananitazama, Baba mdogo ananitazama, nami sijui niamini chuma au niamini kichwa changu. Mwisho nikamshika shati nikamvuta. Nilimvuta baba yangu mdogo mbele ya mteja! Akanuna, lakini akaishusha.

Tulipofungua nguzo ya kushoto, springi ya loki ilikuwa imekatika. Niliikimbiza juani niangalie palipokatika, maana ulinifundisha kwamba chuma kilichovunjika zamani hushika kutu. Palikuwa panang'aa. Ilikuwa imekatika jana ileile. Kwa hiyo zile mbili nilizokuwa nakuambia zilikuwa mbili kweli. Nilikaa chini nikalia mpaka yule mfugaji akaniletea maji, maskini, akidhani nalilia springi.

Lifti sasa imelala mpaka springi mpya ifike kutoka Malindi. Pikapu tumeiinua kwa jeki na stendi, na Baba mdogo hasemi nami ila akitaka spana. Atapoa.

Bado sielewi kwa nini ulinificha. Ni aibu? Uliogopa wateja watatukimbia? Au ulidhani nikijua nitatetemeka nishindwe kukujibu? Huenda ningetetemeka kweli. Sijui, Baba, na wa kumuuliza ni wewe.

Basi, nakuacha upumzike. Nakuahidi hili: siku masikio yangu yakianza kuchoka, nitamwambia yule ninayefanya naye kazi siku hiyohiyo, hata akinicheka. Sitamwachia mtu maisha yangu mkononi bila yeye kujua kwamba ameyashika.

Binti yako,
Rehema