Bega Chini ya Baba

4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Huku tu wazima, uzima wa nyumba yenye msiba. Kifua chako kinaendeleaje na moshi wa kuchomelea vyuma?

Tangu ulipokata simu jana nimekaa mbele ya cherehani, mguu umegoma kukanyaga. Ni kweli ulisema utakuja kumzika Baba lakini hutaingia kanisani? Eti letu si kanisa la Wakristo? Eti Baba, aliyelifagia kila Jumamosi mpaka mgongo ukapinda, kafa hajaokoka kwa sababu alibatizwa kwa maji ya kikombe? Basi mimi ni nani? Na Mama aliyekufundisha kusali kabla hujajua kufunga vifungo vya shati, yeye ni nani?

Mama sijamwambia. Nampa dereva wa basi barua hii ikufikie kabla ya mazishi. Niandikie kwamba nilisikia vibaya.

Dada yako


5 Machi

Dada, shikamoo.

Pole kwa msiba wetu. Kifua hakijambo.

Hukusikia vibaya. Mchungaji wetu, aliyenibatiza upya, anasema aliyenyunyiziwa maji utotoni hajabatizwa, na asiyebatizwa si Mkristo. Kuingia kwenye ibada yenu ni kukubali uongo. Unajua pia kwamba mchumba wangu na baba yake wanasali hapa. Nitasimama getini. Usidhani sina uchungu. Nalia mpaka wenzangu karakanani wamezima mashine.

Ndugu yako wa damu


20 Machi

Dada, shikamoo.

Mama anakula? Anapata usingizi?

Siku ya mazishi uliona mwenyewe. Nilikuwa getini, mjomba akateleza kwenye ngazi, jeneza likainama. Sikuwaza chochote. Nilishtukia bega langu liko chini ya Baba na miguu imeshaingia ndani. Ningemtuaje? Nikaketi, nikaimba, nikambeba mpaka kaburini.

Kumbe kuna mtu alipiga picha. Ikamfikia mchungaji wangu; Jumapili akanisimamisha mbele ya wote: "Huyu amerudia matapishi yake. Kuanzia leo asiitwe Mkristo." Nikamtazama mchumba wangu. Akainama, akatazama viatu vyake. Baba yake akanifuata nje: "Harusi hakuna. Binti yangu haolewi na mpagani."

Mpagani! Mimi! Dada, masikio yanavuma bado. Jana nimeshika chuma cha moto kwa mkono mtupu, sikuhisi mpaka niliposikia harufu.

Niulizie kwa wazee wa kanisa la nyumbani. Watanipokea?

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Mkono umepona? Upake dawa, usijifanye wa chuma na wewe.

Niliuliza baada ya ibada, Mama akiwa kando yangu. Mzee wa kanisa, yule aliyekuwa rafiki wa Baba, akajibu hata kabla sijamaliza: "Aliukana ubatizo wetu. Mpaka atubu mbele ya watu, huyo si Mkristo." Wenzake wote wakatikisa kichwa kukubali. Nilidhani kwetu ni tofauti.

Mama, unayemjua, ambaye kanisani hata kikohozi hukimeza, akasimama. "Siku alipombeba baba yake mlimpisha njia," akasema. "Mbona hamkumuuliza kabatizwa wapi?"

Akachukua Biblia yake, akatoka. Nami nikamfuata mbio nimesahau hata mkoba.

Jumapili iliyopita hatukwenda. Tangu nizaliwe sijaona Jumapili ya namna hiyo. Mama alipanga viti vitatu sebuleni, akaimba peke yake. Majirani wanapita wakichungulia dirishani. Sijui sasa sisi ni nani kwa watu, na nakuambia kweli, naogopa. Mama haogopi. Anaulizia tu basi lako linafika saa ngapi.

Dada yako


7 Aprili

Dada, shikamoo.

Leo nakutumia ujumbe wa simu: nimeshuka kituoni sasa hivi, natembea. Mwambie Mama asianze kuimba bila mimi.

Mdogo wako