Siku Mpishi Hakuonja

Kindu, Jumatano. Mvua tangu alfajiri, tope hadi mlangoni. Mimi nina aibu.

Kazi yangu ni mkalimani wa polisi. Navusha maneno kati ya Komisari, Mbelgiji, na watu wetu. Jana sikuyavusha yote.

Juzi mchana profesa aliyetoka Ulaya kuandika desturi zetu alikula, akatapika, na mpaka sasa yuko hospitalini, hasemi. Daktari anasema ni sumu. Komisari akafungua daftari la profesa. Bwana yule alipenda sana desturi yetu ya mpakuaji kuonja chakula kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ale kwa amani. Kila siku aliandika juu ya mpishi wake: "Selemani ameonja." Juzi akaandika: "Selemani amekataa kuonja."

Basi, mpishi akatiwa ndani.

Jana Selemani alijieleza kwa upole: "Niko nafunga, Bwana. Ilikuwa siku ya kwanza ya Ramadhani." Mimi nikamwambia Komisari kwamba mpishi hana la kusema.

Sikumchukia Selemani. Niliogopa. Komisari angeniuliza mambo ya saumu, nami ningemjibu vizuri mno. Ofisini naitwa Dominiko, lakini mama yangu kule Kasongo aliniita Hamisi. Nilibatizwa ili nipate kazi, na Komisari hawaamini Waislamu.

Profesa akifa, Selemani atanyongwa kwa sababu alifunga.

Leo saa nne niliingia kwa Komisari nikasema yote, hata jina langu la kwanza. Akaita mkalimani mwingine, akamhoji Selemani upya. Sasa wanachunguza uyoga ambao, kwa maelezo ya Selemani, profesa aliuokota mwenyewe njia ya Kailo, akataka apikiwe. Mimi nimeambiwa nikae nyumbani mpaka niitwe.

Kabla ya kuondoka nilisimama kwenye dirisha la selo, nikamweleza Selemani nilichomtendea, nikamwomba radhi. Akasogea dirishani, akauliza:

"Leo umesema?"

"Nimesema."

"Basi kwenda uambie muke wangu. Majirani wanamuita muke ya mutu wa sumu. Hata moto hawamupi."

Nyumba yake iko Mikelenge, si mbali. Kumwambia kwamba mumewe huenda akatoka si kazi ngumu. Lakini ataniuliza ni nani aliyeyameza maneno ya mumewe jana. Naenda sasa hivi, mvua na iendelee, nisije nikapata sababu ya kungoja kesho.