Kadi ya Picha Aliyoikataa Fundi Milango

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla sijalipa, maana kesho kutwa nakwenda dukani na orodha mkononi, na mke wangu ameshasema nikirudi na vifaa visivyoshikana nisimlilie yeye, nikulilie wewe, kwa kuwa wewe ndiye ninayekusoma kila wiki badala ya kumsikiliza.

Mimi ni seremala, nina karakana yangu na wateja wangu, natengeneza milango, madirisha na makabati, watu wananiita Fundi Milango, na nasema bila kujisifu, ingawa najisifu kidogo, kwamba mlango nikiufunga mimi hata mwanga haupenyi. Sasa kwa umri huu wa miaka arobaini na mitatu nimeamua kuunda kompyuta ya kuchezea gemu, ya kwanza maishani mwangu, na usinicheke kabla hujasikia sababu, maana sababu ni mdogo wangu.

Mimi na mdogo wangu ni tumbo moja, tulikua tukicheza mpira wa kompyuta kwenye banda la gemu karibu na kwetu, tukigombania kiti kimoja, na tulipokuwa wakubwa nikamfundisha useremala, tukafanya kazi karakana moja miaka tisa, mpaka siku aliponiambia amepata kazi ya mshahara kwenye kampuni ya kufunga lifti, na mimi badala ya kumpongeza nikamwambia mbele ya wateja watatu aende tu, mikono yake haijawahi kuijua randa, miaka yote hiyo nilikuwa nambeba. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza, akatoka. Huu ni mwaka wa tano. Kwenye misiba na harusi tunasalimiana kama watu waliokutana foleni ya benki, na mama yetu alipolazwa tulipokezana zamu za kumwangalia bila kukaa chumba kimoja hata dakika kumi.

Basi mwezi uliopita akanitumia ujumbe, wa kwanza tangu siku ile, akasema, "Kaka, tafuta kompyuta ya gemu tucheze mpira mtandaoni kama zamani. Mimi yangu ninayo, na nimeiwekea kadi mpya ya picha. Ile ya zamani bado nzima, nikutumie?" Mshauri, niliusoma mara saba, nikafurahi mpaka mke wangu akauliza kuna nini, halafu sijui ni shetani gani aliyenishika vidole, nikamjibu, "Ahsante, nina uwezo wa kununua yangu." Akaandika, "Sawa kaka," na tangu hapo kimya, wala mimi sijaandika, nangoja mashine iwake kwanza ndipo nimwite.

Kazi imefika mbali. Kasha la kompyuta nimelitengeneza mwenyewe kwa mtiki, viungo vimeshikana, vanishi mara tatu, hakuna pengo hata la kupitisha wembe, na mke wangu aliliangalia akauliza kama kuna paka tunamzika. Kwenye orodha, zaidi ya nusu ya bajeti yangu inakwenda kwenye kadi ya picha, ile kubwa kuliko zote pale dukani, yenye feni tatu na taa zinazobadilika rangi, kwa sababu nataka mdogo wangu ajue kwamba kaka yake hakukwama. Ili ienee imebidi nibane kwingine, kwa hiyo pawa saplai nachukua ile isiyo na jina, muuzaji anasema umeme ni umeme tu, ram nachukua kipande kimoja cha giga nane, prosesa nachukua ya kizazi cha nyuma na mazabodi ya kizazi kipya kwa kuwa ina punguzo, muuzaji anasema zitaingiliana, na skrini ninayo, alinipa mteja mmoja alipofunga ofisi yake.

Naomba unijibu jambo moja tu. Hiyo kadi niichukue, au kuna kubwa zaidi inayoweza kumfunga mtu mdomo? Mengine yote nina uhakika nayo.

Ni mimi, Fundi Milango


Fundi Milango,

Mtu mwenye uhakika na mengine yote huwa namjibu kwa mistari miwili, lakini wewe umenipa kazi. Kabla ya kuandika safu hii nilikaa miaka kumi na moja nyuma ya meza ya fundi kompyuta. Nimefungua mashine zilizomwagiwa chai, zilizohamiwa na mende, na moja iliyokuwa na soksi ndani. Kasha lisilopitisha wembe ni la kwanza kulisikia, na nakupa pole kwa vanishi yako, maana itabidi uitoboe.

Kompyuta inapumua, ndugu yangu. Ndani ya sanduku lako hilo zuri, nusu saa ya kwanza ya mpira itakuwa joto tupu, mashine itaanza kujikokota, kisha itajizima mnaelekea mapumziko. Chukua msumeno wa kukatia matundu. Kata tundu mbele, chini, na jingine nyuma, juu. Kila tundu lipate feni yake, ya mbele ivute hewa ndani na ya nyuma iitoe nje, na uweke wavu wa kuzuia vumbi. Najua inauma. Huo ustadi wako wa kuziba uache kwenye milango ya wateja.

Sasa huyo muuzaji. Kama umeme ni umeme tu, mwambie anunue hiyo pawa saplai isiyo na jina aifunge kwenye mashine ya kwao. Hicho ndicho chombo kinacholisha kila kitu humo ndani, na kibovu kikifa mara nyingi hakifi peke yake, kinaweza kwenda na mazabodi, na kadi yako ya taa pia. Nunua yenye jina na dhamana ya maandishi. Wati mia tano na hamsini zinakutosha kwa kadi ya saizi ya kati, na ya kati ndiyo utakayokuwa nayo, tutafika huko.

Prosesa na mazabodi "zitaingiliana"? Wewe mteja akikuambia mlango wake "utaingia tu," unakata mbao? Kila prosesa ina soketi yake, yaani kiti inachokalia, na kila mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba vifaa vyote, ina orodha ya prosesa inazozikubali, ipo kwenye tovuti ya aliyeitengeneza. Soma namba kwa namba, usiridhike na jina kufanana. Ya kizazi cha nyuma kwenye ubao wa kizazi kipya mara nyingi haikai kabisa. Ukishachagua, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti kwamba zisipokubaliana anabadilisha. Akianza kukuna kichwa, ondoka, nenda duka la pili.

Ram chukua vipande viwili vya giga nane, uvichomeke kwenye nafasi zinazoelekezwa na kitabu cha mazabodi. Mafundi wengi wapya huvipanga jirani kama wanapanga vitabu, halafu wanashangaa mashine nzito. Na nimeipitia orodha yako mara tatu nikitafuta diski. Hakuna. Hiyo gemu utaihifadhi wapi, kwenye droo? Chukua SSD, ya terabaiti moja ukiiweza, nusu yake ukishindwa. Hapa sioni aibu kumwambia mkeo kwamba alikuwa na haki ya kukutilia shaka.

Tuje kwenye kadi, maana ndiyo uliyoniuliza, na kazi yake ni kuichorea skrini picha. Skrini yako ni ya ofisi. Kwa kawaida skrini za namna hiyo zinaonyesha picha sitini kwa sekunde basi, na gemu ya mpira si mzigo mkubwa. Hiyo kadi ya feni tatu itafanya kazi kubwa ambayo macho yako hayataiona. Wala mdogo wako hataiona, kwa sababu atakuwa amekaa kwake. Mkicheza mtandaoni, yeye anaona uwanja, wachezaji na mpira. Zile taa zitamwakia mkeo akipita na ndoo ya nguo. Unataka kutumia zaidi ya nusu ya bajeti kumfunga mdomo mtu asiyeangalia, na tena mtu aliyekaa kimya tayari, kwa sababu wewe ndiye uliyemnyamazisha.

Kadi inayokufaa ni ile aliyotaka kukutumia. Alikuwa anaichezea gemu hiyohiyo hadi majuzi, kwa hiyo tunajua inaiweza. Ukiichukua, bajeti yako inapumua: pawa saplai nzuri, ram mbili, diski, prosesa na mazabodi zinazojuana, feni mbili, na bado unabaki na akiba ya kununulia kidhibiti cha mkononi ili usicheze mpira kwa kibodi. Nakuambia kama fundi. Katika orodha zote nilizoletewa na watu wanaounda kwa mara ya kwanza, wachache walipata bahati kama yako, na wewe umeirudisha kwa sentensi moja.

Nakuelewa, usidhani sikuelewi. Kumwomba radhi mtu uliyemfundisha kushika nyundo ni jambo zito, na mtu anaona bora atumie pesa kuliko kutumia ulimi. Lakini ulimvunjia heshima mbele ya wateja, Fundi Milango, na ulimsingizia. Mtu usiyemwamini mikono hukai naye karakana moja miaka tisa. Leo watu wanapanda lifti alizofunga yeye, wanashuka salama, wanakwenda kazini. Miaka mitano baadaye aliyejishusha kuandika kwanza ni yeye uliyemkosea, akakuita kaka, akakupa kitu chake. Ukamjibu kama unamfukuza mchuuzi mlangoni.

Kwa hiyo kesho kutwa dukani huendi. Utapiga simu. Usitume ujumbe, vidole vyako nimeshaona vinavyofanya. Una sababu nzuri ya kupiga, kwa sababu bila vipimo vya ile kadi huwezi kumaliza kasha: muulize ina urefu wa sentimita ngapi, unene wake unachukua nafasi ngapi, na inataka plagi ngapi za umeme, za matundu sita au manane. Hivyo vipimo sinavyo mimi, wala muuzaji hana. Andika kwenye kipande cha mbao kama unavyoandika vya wateja.

Ukiona ulimi mzito, anza na hivyo vipimo. Lakini usikate simu kabla hujamwambia kwamba yale uliyoyasema siku ile yalikuwa uongo, kwamba uliyasema kwa sababu uliogopa kubaki peke yako kwenye ile karakana, na kwamba unamwomba radhi. Mkeo awepo akisikia, kwa kuwa siku ile pia kulikuwa na watu.

Na kama nimjuavyo mtu wa namna ya mdogo wako, ataituma kadi hata kabla hujamaliza kuuliza. Kifurushi kikikufikia nawe bado hujayasema hayo, usikifungue.