Sijui Yangu Imempitisha Mwende

Mwende amepita. Alama zimetoka leo, msichana wangu amemaliza chuo kikuu, na hakuna mtu wa kusema kazi si yake.

Sasa ndio nisalimie. Hamjambo nyote. Ni Jumatano, mvua ya asubuhi imekwisha na hapa mtaani Jamhuri, Nairobi, watu wameanza kurudisha nguo kwenye kamba. Mimi sijafungua duka. Mwenye yunifomu yake atangoja, hata mimi nimengoja.

Kwa asiyenijua, mimi ni fundi wa kushona pale Dagoretti Corner. Nimesoma mpaka darasa la saba, na nilikuwa naongoza kwa hesabu. Wacha niseme mwenyewe, waliokuwa darasa hilo wamezeeka na wamesahau.

Mwende ni kitinda mimba wangu. Alikuwa anaenda chuo huko tauni, katikati ya jiji, kama watoto wa wengine, halafu akapata mtoto, Ndinda, na mimi nikajua hapo ndipo lami imekwisha. Nilimlilia nikiwa kwa cherehani ili asisikie. Kumbe chuo chao kilikuwa kimeanza mpango mwingine. Masomo mengi yanakuja kwa kompyuta, mwalimu anaweka somo na swali, wanafunzi wanajibizana kwa kuandika, kila mtu akiwa kwake. Halafu Jumamosi moja moja wanaitwa darasani, waonane uso kwa uso.

Mimi sikuuamini huo mpango. Nilimwambia Mwende, nguo haishonwi kwa simu, lazima mtu aje apimwe.

Lakini nilimwona akisoma. Ndinda amelala mgongoni, sufuria iko jikoni, na yeye yuko mbele ya ile kompyuta yetu yenye kisogo kikubwa, anaandika. Mama gani angeona hivyo akanyamaza? Mimi sikunyamaza. Kanisani nilisema, dukani nilisema, kwa muuza makaa nilisema. Na nikaongeza chumvi kidogo, kwamba hiyo digrii tunaisoma wawili.

Basi Mama Shiru, rafiki yangu wa kikundi cha akina mama, ambaye siku hizi anakaa mtaa wa Mountain View, akaniambia mbele ya wenzetu, "Mama Mwende, hicho ni chuo kikuu cha jikoni. Mwalimu hana sura, darasa halina dawati, na mwanafunzi amejifunga leso. Si useme tu mtoto aliacha shule?"

Wakacheka. Na mimi nikacheka nao, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani hayo maneno yalinichoma.

Ndipo nilipofanya kile kitu.

Ilikuwa mchana. Mwende yuko bafuni anamwogesha Ndinda, kompyuta ameiacha ikiwa wazi pale darasa lao linapoandikiana. Nikaona jina la mwalimu, Daktari Barasa. Nikaona swali lake, kwa nini wafanyakazi huacha kazi. Nikasema leo nitamsalimia huyu mtu nijue kama yupo. Nikakaa, nikaandika kwa kidole kimoja, barua kamili kama tulivyofundishwa. Kwamba mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwake. Kwamba mimi ni mamake Mwende, na Mwende amekuwa akishika namba moja tangu nasari. Kwamba siku akipita Jamhuri aingie anywe chai, yeye na darasa lote. Mwishoni nikajibu na lile swali pia, nikaeleza habari za msichana mmoja aliyeacha kazi dukani kwangu bila kuaga, pamoja na tabia zake.

Nikabonyeza. Nikaenda kupika nikiwa na amani.

Jioni Mwende akafungua kompyuta. Nikaja kusimama nyuma yake, na kumbe wenzake walikuwa wamenijibu. Muuguzi mmoja wa Kitui aliuliza kama chai ni ya chapati au ya mandazi. Askari mmoja aliye kazini Garissa akaandika, "Asante mama, lakini chai ikitoka Jamhuri itanifikia huku ikiwa baridi." Nilifurahi sana. Nilitaka nimjibu.

Chini kabisa ndipo Daktari Barasa alipokuwa ameandika, "Aliyeandika hajajibu swali. Mwende, nione Jumamosi."

Mwende alinieleza polepole, kama anamwelezea Ndinda. Kwamba pale kwenye kompyuta jina lako na neno lako la siri ndiyo sura yako. Mtu mwingine akiandika kwa jina lako ni kama amekufanyia mtihani. Na kama mamake anaweza kuingia akaandika barua, nani atajua aliyeandika ile kazi yake kubwa ya mwisho, ambayo alikuwa ameshaipeleka? Chuo kingezuia alama zake mpaka ijulikane.

"Mama, wanaweza kunifuta chuoni," akasema.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua pa kushika.

Nitakuwa mkweli hapa. Siku hizo sikumwambia mtu. Mimi ambaye nikinunua ndoo mpya lazima jirani ajue, nilikaa na hilo peke yangu. Nilimwomba Mungu anichukulie chochote, hata cherehani, amwachie mtoto jina lake.

Jumamosi nikasema naenda naye. Akasema hapana. Nikamfunga Ndinda mgongoni nikatangulia kutoka mlangoni.

Huko tauni tulipanda ngazi mpaka pumzi ikaniisha. Mwende akaingia ofisini, mimi nikabaki kwa benchi la nje, Ndinda amelala. Baada ya muda mlango ukafunguliwa nikaitwa na mimi. Walikuwa watatu, na Daktari Barasa ndiye aliyekaa katikati. Sura anayo. Ni mtu mwembamba, mpole wa kuongea, na sweta yake ilikuwa imetoboka kiwiko. Hata na woga wote ule, nilitamani nimtoe hiyo sweta niitie kiraka.

"Wewe ndiwe uliyetuandikia, mama?"

"Ndimi, Daktari. Mwende hakujua."

"Na hii kazi yake ya mwisho, mlifanya pamoja?"

Akanisogezea lile kabrasha. Akafungua ukurasa wenye mchoro, mistari mingine inapanda, mingine inashuka. Akaniambia nimwelezee.

Jamani. Mimi nina jibu la kila kitu, ulizeni mtu yeyote Dagoretti Corner. Nimeeleza watu siasa, nimeeleza watu dawa, nimeeleza hata mchungaji mahubiri yake. Na huo mchoro nilikuwa nimeuona nyumbani, maneno mawili matatu nilikuwa nimeyasikia Mwende akijisomea. Yalikuwa tayari mdomoni. Nikaona vile wale watu wangeshangaa, mama wa kushona anaongea kama profesa. Nikamtazama Mwende. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Daktari, sijui."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Mimi nilikuwa namshikia mtoto tu, ili yeye apate kuandika."

Neno hilo, sijui, sikuwa nimewahi kulisema mbele ya watu. Lilitoka likaniacha mwepesi.

Daktari akamgeukia Mwende. "Basi tuelezee wewe, na mama asikie."

Akaeleza. Ndinda akaamka katikati ya maelezo akamlilia mamake, Mwende akamchukua akampakata, akaendelea. Mtoto anavuta kipuli, yeye anaeleza. Mama mmoja kati ya wale watatu, naye pia daktari, akamuuliza swali gumu, na Mwende akasema, "Hapo sikubaliani na wewe, Daktari." Nikajua sasa ametumaliza. Kumbe huyo mama alikuwa anatabasamu, anaandika.

Nyumbani nilimwona Mwende akiandika tu, kimya, miaka yote hiyo. Sauti yake ya masomo niliisikia siku hiyo. Ni sauti nyingine kabisa. Nilikuwa nikijivunia kitu ambacho sikuwa nimekiona.

Tulipokuwa tunatoka Daktari Barasa akasema alama zitatoka pamoja na za wengine. Akamwambia Mwende abadilishe neno lake la siri. Halafu akaongeza, "Na mama mtafutie mahali pake pa kuandika. Mkono wake ni mzuri, ila hajibu swali."

Hapa ndipo hapo mahali. Mwende alinifungulia huu ukurasa, akaniwekea neno langu la siri, na ninyi mkawa mnanisoma bila kujua ulianzia wapi. Sikuwaambia kwa sababu alama zilikuwa hazijatoka. Leo zimetoka.

Kwa hivyo nashukuru. Namshukuru Mungu kwanza. Nakishukuru hicho chuo kilichomletea mtoto wangu masomo mpaka jikoni, kikakataa pia kumwacha hukohuko. Nilichomwambia Mwende kuhusu kupima nguo nilikuwa sawa nusu. Kitambaa unaweza kukikata mwenye nguo akiwa mbali, lakini nguo ikiisha lazima aje, aivae, asimame uione ikimkaa. Bila ile kompyuta Mwende angekuwa ameacha. Bila ile Jumamosi wangemfuta. Namshukuru Daktari Barasa aliyeniuliza, badala ya kuamua. Na Mama Shiru pia namshukuru, kwa sababu bila mdomo wake nisingesikia mtoto wangu akiongea na madaktari kama wenzake.

Mwende ananiuliza kama nitaendelea kujisifu. Nimemwambia swali hilo pia sitalijibu.

Sasa sikilizeni. Tunafanya chai ya shukrani hapa nyumbani, na nyote mnaosoma mmealikwa. Mama Shiru, Mountain View si mbali, njoo ukae karibu na mwalimu umtazame sura vizuri. Amekubali kuja, na nimemwambia aje na ile sweta. Muuguzi, chapati zipo, mandazi yapo. Watoto wa darasa la Mwende watakuja, wale wote ambao wamejuana zaidi kwa maandishi kuliko kwa nyuso. Askari wetu ametuma ujumbe kwamba ameomba ruhusa kazini, anatoka Garissa Ijumaa.

Mwambieni asiwe na wasiwasi. Birika halitatoka motoni mpaka aingie mlangoni. Ni Jumamosi hii.