Turubai la Kichwa cha Treni

Dada Zaituni, shikamoo kutoka Likasi, ambako hata mvua ina dharau.

Kichwa cha treni unachokiona kwenye kadi hii kimestaafu huko Ujerumani, ndani ya jumba lenye paa zuri. Ndugu yake, aliyeundwa vilevile kuvuta mizinga ya jeshi vitani, yuko hapa mtaani Shituru, uani kwa Mama Véro ninakopanga, amejaa kutu na kuku.

Juzi alikuja Mjerumani mmoja anayehifadhi vichwa hivyo. Alikikumbatia hiki chetu, dada, akalia machozi ya kweli! Kisha akafukuza kuku, akanunua turubai jipya, akakifunika kisiumizwe na mvua. Mama Véro akamwonyesha bati lake lililotoboka: "Papa, na miye? Mvua iko nanyesha mpaka mu kitanda yangu." Mgeni akatabasamu, akampa kadi. Ndiyo hii.

Jana mchana mvua ikatuvamia ndani mpaka masufuria yakaelea. Tukakimbilia chini ya turubai: mimi, Mama Véro, wajukuu na kuku wote. Tukala ugali na dagaa tumeegemea magurudumu, pakavu kabisa, nikawaombea Wajerumani maisha marefu.

Mvua ilipokatika, mgeni akaja na kamera. Akatuomba kwa upole tutoke, eti tunaharibu picha. Tukatoka. Kuku wakagoma.

Wabusu wanangu. Na bati likivuja huko, usihangaike na fundi. Tafuta kichwa cha treni cha Kijerumani, ukiweke uani.

Mdogo wako, Rajabu