Kondoo Walikuja Mwezi Uliopita

Dada Nekesa,

Huku Mau Narok baridi inauma, lakini mimi nimewaka. Nimekuja kuchanja kondoo, nikapata uwanja mtupu! Ile ratiba tuliyoandika kwa laptop yako, karani wa mifugo wa huku aliifungua kwa kompyuta ya ofisi yenye programu tofauti, ikageuza 7/8 yetu, na tarehe saba Agosti ikawa nane Julai. "Faili ilifunguka vizuri, madam," ananiambia, akinywa chai. Watu walileta kondoo mwezi uliopita, wakanyeshewa hadi jioni bila kuona daktari. Mathe mmoja, mama mfugaji wa hapa, amenionyesha zizi lake tupu. "Ugonjwa uliingia, kondoo wangu wakafa wote wiki jana," akasema, kisha akanipa viazi moto. Nimekula nikilia kwa hasira. Kesho nachanja waliobaki, boma kwa boma. Nibusie watoto, na usiniombe nipoe.

Dadako Naliaka