Saruji Nyuma ya Jiko la Kuni

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Sisi wa hapa Mwera hatujambo. Babu yako kikohozi kimemwachia, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike. Unauliza kwa nini ukuta nyuma ya jiko lako la kuni unabanduka kila fundi akiupiga plasta.

Umenitia hasira upya! Nilipoolewa hapa, ukuta wetu wa jikoni ulipasuka kwa moto. Nikamwambia shemeji yangu Hamza, aliyekuwa fundi, "Bandua kwanza palipoungua, halafu kandika udongo wa kichuguu. Saruji haitavumilia moto huu."

Akacheka. "Wewe pika, ukuta niachie mimi." Akapaka saruji juu ya nyufa. Nikarudi kwenye sufuria zangu.

Haukupita mwezi, bamba zima likaanguka, likapindua sufuria ya maharage juu ya miguu ya mama mkwe. Hamza akasema eti nimezidisha kuni! Nikachukua nyundo, nikabandua saruji yote mbele ya macho yake, nikakandika udongo mwenyewe. Ukuta ule haujabanduka tena.

Mama mkwe alipopona aliniuliza, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa mbona hukupiga kelele?"

Hamza nilishamsamehe. Swali hilo ndilo linaloniunguza hadi leo.

Ni mimi bibi yako,
Mwanahamisi